UZI: Medali za makaisari wa Roma. Dhahabu ya zawadi ilitoka mfukoni mwa nani?

Mzee Kibindo:

Wakuu, za jioni. Kwenye uzi wa sarafu za kale kuna mdau aliuliza kwa nini baadhi ya "sarafu" za Kirumi ni pana, nzito, na nakshi yake imesimama kuliko zile za kawaida. Akajibiwa kwamba ni toleo maalumu, basi yakaishia hapo. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa hiyo nimefungua uzi wake. Ni mrefu, vuteni viti.

Zile ni medali. Hazikutengenezwa ili mama akanunulie samaki sokoni. Kaisari alizigawa kwa mkono wake, au mkono wa watu wake, siku za shangwe: tarehe 1 Januari makonsuli wapya (wakuu wawili wa serikali wa mwaka huo) wanapoingia madarakani, miaka 5, 10 au 20 ya utawala, ushindi wa vita, harusi ya ikulu. Waliopewa ni wenye vyeo: majemadari, maseneta, wakuu wa ofisi za ikulu, na baadaye wafalme wa nje ya mipaka.

Desturi yenyewe ina mizizi mirefu. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Augustus, kaisari wa kwanza, kwenye sikukuu ya Saturnalia, alipenda kuwashangaza wageni wake kwa zawadi. Mara awape nguo, dhahabu na fedha, mara awape sarafu za kila aina, zikiwemo za wafalme wa zamani na za nchi za mbali. Yaani mtu anapewa sarafu ambayo hawezi kununulia kitu, lakini anakwenda nayo nyumbani kwa maringo kwa sababu ametoka nayo kwa mkubwa.

Kuna makundi mawili makubwa, na mkiyachanganya mtapotea.

La kwanza ni medali za shaba. Hizi zilishamiri kuanzia Kaisari Hadrian (117 hadi 138), zikaendelea kwa Antoninus Pius na Marcus Aurelius, na kufika kileleni kwa Commodus. Kisanii hakuna kitu kizuri zaidi kilichotoka kwenye karakana ya sarafu ya Roma. Mchongaji amepewa nafasi kubwa na muda wa kutosha, na inaonekana.

La pili ni za dhahabu, na chache za fedha, zilizopimwa kwa uzito wa sarafu kadhaa: mbili, nne, kumi, hadi sabini na mbili. Hizi ndizo hasa za uzi huu, kwa sababu ndizo zinazotupeleka kwenye uchumi.

Niwape kisa kimoja cha shaba kwanza, maana nakipenda. Commodus alijiona ni Herakle amezaliwa upya. Mwishoni mwa mwaka 192 karakana ikagonga medali zake amevaa ngozi ya simba kichwani, taya la simba limemkaa kwenye paji la uso, na maandishi upande wa pili yanamtaja Herakle wa Kirumi. Medali hizo zina namba ya mwaka wa 18 wa mamlaka yake, na mwaka huo wa 18 ulianza tarehe 10 Desemba 192. Commodus alinyongwa usiku wa tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo medali zote zenye namba hiyo zilitengenezwa ndani ya wiki tatu, kwa ajili ya Mwaka Mpya ambao mwenye sura hakuuona.

Naendelea, msiende mbali.

Kijana wa Gerezani:

Nimeweka mkeka hapa. Swali la haraka mkuu: hivi zilikuwa pesa au mapambo? Maana kama ni dhahabu ya uzito kamili, hata mimi ningeitumia.

Mzee Kibindo:

Swali zuri. Za shaba hazikuwa pesa kwa maana ya kawaida. Sarafu za shaba za Roma zina herufi S C, alama ya Seneti. Medali kwa kawaida hazina. Uzito wake haulingani na sarafu yoyote, na huwezi kusema hii ni mara mbili ya ile.

Za dhahabu zilikuwa pesa kimyakimya. Ukipewa ya aurei 10 (aurei ndiyo ile sarafu ya dhahabu ya kawaida), uzito wake ni wa aurei 10 kweli. Ukiishiwa unaikata au unaiyeyusha, na thamani yako unaikuta. Ndiyo maana zimebaki chache sana. Nyingi zilirudi motoni, na wengine wakazitoboa au kuzifunga pete wakazivaa shingoni.

Sonara Msasani:

Niongezee kidogo la kiufundi, maana hii ni kazi yangu. Hizo za Commodus na za Antoninus, baadhi yake ni za madini mawili. Katikati ni shaba nyekundu, pembeni ni duara la shaba ya njano, ile yenye zinki. Wanaoziona picha wanadhani ni kutu imebadilisha rangi.

Kazi hiyo si mchezo. Duara la nje linatengenezwa kwanza, kisahani cha ndani kinachongwa kikae humo bila kupwaya, halafu vyote vinagongwa kwa muhuri kwa pamoja. Shaba nyekundu ni laini kuliko ya njano. Ukigonga vibaya ya ndani inatambaa na ya nje inapasuka. Halafu nakshi ya juu vile haikubali kwa pigo moja, lazima upashe moto, ugonge, upashe tena, ugonge tena, na kila mara muhuri ukae palepale. Ukiona sura ya kaisari ina kivuli cha pua mbili, ujue muhuri ulicheza.

Kwa hiyo mtu aliyepewa medali ile, hata kama ni shaba, alijua ameshika siku nyingi za kazi ya fundi.

Mzee Kibindo:

Sonara, ahsante sana. Hilo la kupasha moto huwa halisemwi.

Sasa twende Ufaransa, Septemba 1922. Vita Kuu ya Kwanza imeisha, mji wa Arras umebomolewa na watu wanajenga upya. Wafanyakazi wa kiwanda cha matofali wanachimba udongo Beaurains, kijiji kilicho jirani na mji. Jembe linagonga chungu. Ndani mna vito, kinara cha fedha, sarafu nyingi na medali za dhahabu. Kilichofuata mnakijua bila kusimuliwa: watu wakagawana, vingine vikauzwa harakaharaka, vingine vikaishia kwenye kalibu. Kilichookolewa kimetawanyika, lakini medali kubwa kuliko zote iko makumbusho ya Arras.

Ina aurei 10, takriban gramu 53. Upande mmoja ni Constantius, baba yake Constantine. Upande wa pili unasimulia habari nzima. Mwaka 286 kamanda wa majini aitwaye Carausius aliasi na kuitenga Uingereza na dola. Mwaka 293 akauawa na Allectus, ofisa wake wa fedha, ambaye naye akajitangaza kaisari. Mwaka 296 jeshi la Constantius likavuka bahari na kummaliza. Kwenye medali, Constantius yuko juu ya farasi na mkuki. Mbele yake mwanamke amepiga magoti nje ya lango la mji, amenyoosha mikono miwili. Chini yake herufi LON: huyo ndiye London. Chini zaidi kuna jahazi la vita limejaa askari, maji ni ya mto Thames. Na maandishi yanamsifu Constantius kuwa amerudisha nuru ya milele.

Tazameni vizuri aliyekusudiwa kuisoma. Si mkazi wa London. Medali iligongwa Trier, mpakani mwa Ujerumani ya leo, kwa ajili ya maofisa waliokuwa upande wa Constantius. Wataalamu wanadhani mwenye chungu cha Beaurains alikuwa ofisa wa ngazi ya juu aliyekusanya takrima za ikulu kwa miaka na miaka, sherehe baada ya sherehe, maana vitu vya karibuni zaidi ni vya mwaka 315 hivi. Alifukia na hakurudi.

Yaani tunaona akiba ya mtu mmoja ikijengwa kwa mkono wa mwajiri wake, nje ya mshahara.

Bi Zuhura:

Neno takrima hapo umelitumia makusudi wewe mzee 😂 Watanzania tunalijua lilivyofikishwa mahakamani.

Mzee Kibindo:

😂 Sijataja mtu wala chama. Naendelea.

Dhahabu ile ilitoka wapi? Vitabu vingi vya sarafu vinaishia kwenye uzuri wa nakshi. Mimi nataka tushuke shimoni.

Hispania kwanza. Mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa, aliyewahi kuwa ofisa huko, anaandika kwamba maeneo ya Asturia, Galicia na Lusitania yalitoa ratili 20,000 za dhahabu kwa mwaka. Ratili ya Kirumi ni kama gramu 323, kwa hiyo ni tani 6 na nusu hivi. Njia yao ilikuwa ya kutisha. Wachimbaji walitoboa mlima kwa mahandaki wakimulikiwa na taa, na Pliny anasema kwa miezi mingi hawakuona mwanga wa mchana. Kisha wanaliangusha lile tumbo la mlima, na maji yaliyoletwa kwa mifereji kutoka mbali yanafunguliwa kwa kishindo kuosha vifusi. Pale Las Médulas alama zake zipo hadi leo, vilele vyekundu vimesimama katikati ya mlima ulioliwa.

Dacia, yaani Romania ya leo, ilitwaliwa na Trajan mwaka 106. Mgodi wa Alburnus Maior (leo Roșia Montană) umetuachia vibao vya nta vyenye mikataba. Mmoja ni wa mwaka 164. Mtu anaitwa Memmius, anajikodisha kwenye mgodi wa dhahabu kuanzia Mei hadi Novemba kwa dinari 70 (dinari ni sarafu ya fedha) na chakula. Hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo mwingine anaandika kwa niaba yake. Na kuna kifungu kinachosema kwamba mafuriko yakizuia kazi, malipo yatakatwa kulingana na siku.

Pigeni hesabu. Aurei 1 ilikuwa dinari 25. Nusu mwaka chini ya ardhi, Memmius anapata aurei 2 na dinari 20. Medali ya aurei 4, ambayo kwa viwango vya baadaye ni ndogo tu, ilimzidi Memmius msimu wake wote wa kazi.

Halafu kuna dhahabu ya kodi, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize. Ilikuwapo kitu kinaitwa dhahabu ya taji. Zamani miji ilimpelekea jemadari mshindi taji la dhahabu kwa hiari. Hiari ikawa mazoea, mazoea yakawa deni. Claudius aliposherehekea kuiteka Uingereza, Pliny anasema mataji yalikuwa na vibao: Hispania ya karibu imetoa ratili 7,000, Galia (Ufaransa ya leo) imetoa 9,000. Kadiri miaka ilivyokwenda, kila kaisari akitawazwa au akitimiza miaka yake, miji inachangishwa taji. Maseneta nao walikuwa na mchango wao wa dhahabu, ukiitwa sadaka.

Constantine akaongeza kodi ya wafanyabiashara na mafundi, iliyolipwa kwa dhahabu na fedha kila baada ya miaka minne au mitano. Kuanzia muuza duka hadi kahaba walilipa. Mwandishi Zosimus, ambaye alimchukia Constantine kwa sababu za kidini, anadai wazazi waliuza watoto ili wailipe. Punguzeni chumvi yake, lakini mji wa Edessa tuna namba yake: ratili 140 za dhahabu kila baada ya miaka minne. Kwa kiwango cha wakati huo, solidi 72 kwa ratili (solidi ni sarafu ya dhahabu iliyochukua nafasi ya aurei), hiyo ni solidi 10,080 kutoka kwa washona viatu na wauza mboga wa mji mmoja. Kaisari Anastasius alipoifuta mwaka 498, Edessa ilifanya sherehe ya wiki nzima, watu wakatoka na mishumaa barabarani.

Sasa wekeni kalenda mbili kando kwa kando. Siku kaisari anapogawa medali kwa kutimiza miaka 5 au 10, ni majira yaleyale miji inapopeleka taji na muuza duka anapodaiwa kodi ya miaka mitano. Medali ni ile dhahabu imepigwa sura ya mtawala na kupandishwa ngazi. Aliyeitoa hapewi. Aliyepewa hakuitoa.

Mchambuzi Huru:

Mkuu nakuheshimu ila hapo umetia chumvi kuliko huyo Zosimus. Medali za dhahabu zilikuwa chache mno. Ukizikusanya zote hazifiki hata sehemu ndogo ya gharama za jeshi la Roma. Kodi ilikwenda kulipa mishahara, kulisha askari, kujenga barabara na ngome. Kusema kwamba muuza mboga wa Edessa alikamuliwa kwa ajili ya medali ni kuchukua manyoya ukaiita kuku.

Mzee Kibindo:

Nakubali nusu. Kwa ujazo, medali ni tone. Gharama kubwa ilikuwa jeshi. Lakini tenga mshahara na bakshishi ya sherehe uone. Mshahara wa askari wa kawaida kuanzia Domitian ulikuwa dinari 300 kwa mwaka, na haukupanda kwa zaidi ya miaka mia. Bakshishi ndiyo iliyopanda. Claudius aliwapa walinzi wa ikulu sestersi 15,000 (sestersi 4 ni dinari 1) kila mmoja mwaka 41 ili wamweke madarakani. Mwaka 193 walinzi haohao walikinadi kiti, na Didius Julianus akakinunua kwa sestersi 25,000 kwa kila mlinzi. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 ya mshahara wa askari wa kawaida. Alikaa siku 66 akauawa.

Karne ya nne ikawa na utaratibu kabisa: Julian alipotangazwa kaisari huko Paris mwaka 360, ahadi ilikuwa solidi 5 na ratili moja ya fedha kwa kila askari. Medali ni kilele cha piramidi hiyo. Askari anapata solidi tano, ofisa anapata medali ya solidi kadhaa, jemadari anapata kubwa zaidi pamoja na sahani ya fedha.  Kwa hiyo nikisema medali namaanisha mfereji wote, na medali ndiyo sehemu yake tunayoweza kuishika mkononi.

Na hawakuficha kwamba ni ngazi. Kuna sheria ya mwaka 384 inayokataza mtu yeyote asiyekuwa konsuli kugawa zawadi za dhahabu kwenye michezo yake. Wengine wagawe fedha tu, na hata hiyo isizidi ukubwa wa sarafu 60 kwa ratili.

Mchambuzi Huru:

Hapo umejitetea vizuri. Ila hujaeleza kwa nini medali za shaba zilipungua na za dhahabu zikaongezeka. Kama ni fahari tu, shaba ingetosha.

Mzee Kibindo:

Afadhali umeuliza, maana hilo ndilo linanivutia kuliko yote.

Sababu ni dinari kuoza. Wakati wa Augustus dinari ilikuwa fedha karibu tupu. Nero akaipunguza mwaka 64. Septimius Severus, aliyewaambia wanawe wawatajirishe askari na kuwapuuza wengine wote, akaifikisha karibu nusu fedha nusu shaba. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya iliyohesabiwa dinari mbili lakini ndani ina fedha ya dinari moja na nusu hivi. Kufika mwaka 268 hadi 270 sarafu hiyo ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, ni shaba iliyopakwa weupe. Aurelian alipojaribu kusafisha uchafu huo, wafanyakazi wa karakana ya Roma wenyewe walimwasi, kwa sababu walikuwa wakichota humo. Mwandishi Aurelius Victor anasema askari 7,000 walikufa kwenye mapigano hayo.

Jiweke kwenye viatu vya jemadari wa miaka hiyo. Kaisari anakuja na mfuko wa sarafu nyeupe nje nyekundu ndani. Utazikubali? Utataka kitu cha kupima kwenye mizani. Makaisari nao wanauawa kila baada ya miaka miwili mitatu, na kila mmoja anahitaji maofisa wasimgeuke. Ndiyo maana kuanzia Gallienus na kuendelea mnaona dhahabu za uzito mkubwa zinaongezeka, na shaba nzuri za Roma zinafifia. Medali ya shaba ilitosha wakati ambapo kaisari alikuwa kaisari bila ubishi.

Bei nayo inasema. Wakati wa Augustus ratili ya dhahabu ilitoa aurei kama 40, yaani dinari 1,000. Amri ya bei ya Diocletian ya mwaka 301 inaiweka ratili ya dhahabu kwenye dinari 72,000. Mwenye mshahara wa dinari amekwisha. Mwenye medali ya babu yake kabatini hajapoteza kitu.

Kijana wa Gerezani:

Aisee! Ndiyo maana bibi alikuwa anasema nunua dhahabu.

Msafiri wa Azania:

Mzee Kibindo, ulisema zilifika nje ya mipaka. Hadi wapi? Na huku kwetu pwani zilifika?

Mzee Kibindo:

Kaskazini zilikwenda mbali. Mwaka 1797 huko Szilágysomlyó (Șimleu Silvaniei, Romania) ziliibuka medali 14 za dhahabu za makaisari wa karne ya nne, nyingi zikiwa na vitanzi vya kuvalia shingoni, nyingine zimezungushiwa fremu kwa ufundi usio wa Kirumi. Leo ziko Vienna. Zilikuwa mali ya watawala wa Kijerumani waliolipwa ili wawe marafiki, au angalau wasiwe maadui mwaka huo. Hata Skandinavia, ambako Roma haikutawala, mafundi wa karne ya tano na ya sita walitengeneza vidani vya dhahabu vya kuiga medali za makaisari. Kichwa cha kaisari kikageuka kuwa uso wenye nywele kubwa juu ya mnyama mwenye pembe.

Na mwaka 581 Askofu Gregory wa Tours alionyeshwa na Mfalme Chilperic wa Wafaranka medali alizopelekewa na Kaisari Tiberius wa Konstantinopoli. Kila moja ratili nzima ya dhahabu, solidi 72 kwa kipande kimoja. Mbele sura ya kaisari, nyuma gari la farasi wanne na maneno ya utukufu wa Warumi. Hiyo Roma yenyewe wakati huo ilikuwa imezingirwa na Walombardi.

Pwani yetu: mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, Periplus, unataja bandari ya Rhapta, ya mwisho kusini, kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Wafanyabiashara walichukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Walicholeta ni mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea, vyombo vya kioo, na sehemu nyingine divai na ngano kwa ajili ya kujenga urafiki, si kuuza. Sarafu hazimo kwenye orodha ya Rhapta. Zinatajwa kidogo kwa Adulis, bandari ya Aksum (ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea za leo), tena kwa matumizi ya wageni wanaokaa pale. Aksum wenyewe walianza kugonga sarafu zao za dhahabu kwenye karne ya tatu, chini ya Mfalme Endubis. Kwa hiyo pembe ya ndovu kutoka kwetu huenda ilifika mezani kwa seneta mwenye medali, lakini medali haikurudi huku.

Msafiri wa Azania:

Yaani hata wakati huo sisi tulipewa visu na divai, dhahabu wakapewa Wajerumani. Sawa.

Bi Zuhura:

Mimi nataka kujua kubwa kuliko zote iko wapi, nikienda Ulaya nikaione.

Mzee Kibindo:

Mojawapo ya kubwa zilizojulikana huwezi kuiona tena, Bi Zuhura. Ilikuwa ya Justinian, nusu ratili, solidi 36, gramu 164 hivi. Ilipatikana mwaka 1751 karibu na Kaisaria ya Kapadokia, Uturuki ya leo, ikapelekwa Paris kwenye hazina ya sarafu ya mfalme. Novemba 1831 wezi waliingia usiku wakabeba dhahabu nyingi, na medali ikayeyushwa. Bahati ni kwamba nakala ya umbo lake ilikuwa imeshachukuliwa na kupelekwa London. Picha zote mnazoziona mtandaoni za medali ile ni za nakala hiyo. Nenda Vienna ukaone za Szilágysomlyó, hutajuta.

Kijana wa Gerezani:

Nimeingia mtandaoni sasa hivi naona watu wanauza "medali halisi ya Commodus" kwa bei ya simu ya mkononi. Vipi, nijitose?

Mzee Kibindo:

Usijitose. Medali za Kirumi zimeigwa tangu enzi za Mwamko (Renaissance) wa Italia. Karne ya 16 mji wa Padua ulikuwa na fundi Giovanni da Cavino aliyechonga mihuri ya kuiga Warumi kwa ustadi kiasi kwamba kazi zake zina wakusanyaji wake wenyewe leo. Na nakala za nakala zake zimejaa kila soko. Sonara, mwambie atazame nini.

Sonara Msasani:

Tazama ukingo kwanza. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na muuzaji mjanja ameupiga tupa, kwa hiyo tafuta mikwaruzo ya tupa inayokwenda upande mmoja. Iliyogongwa haina mstari huo. Pili, tazama uwanja, ile sehemu tambarare kati ya sura na maandishi, kwa lenzi. Vishimo vidogovidogo kama ngozi ya chungwa ni mapovu ya hewa ya kumiminwa. Tatu, herufi. Za kugongwa zimesimama wima na kingo kali, za kumiminwa zina mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika.

Ukiona ni ya madini mawili, gusa kwa ncha ya sindano pale mduara wa ndani unapokutana na wa nje. Kama ni rangi imepakwa tu, utajua mara moja. Na kama muuzaji hakuruhusu sindano, umeshajibiwa.

Kijana wa Gerezani:

Huyu nimemwomba picha ya ukingo. Amenizuia.